Springi na Figo ya Bintiye

Watu wengi wanaokalia kazi yake hawamjui. Wanajitupa kwenye makochi yake, wanatazama taarifa ya habari, wanasinzia, watoto wao wanamwaga chai kwenye mito, na hakuna anayejiuliza ni nani aliyeifuma ile mikanda ya mpira iliyo chini ya kitambaa. Aliyeifuma tulimwita Springi. Jina lake la kuzaliwa hata mkewe alikuwa halitumii. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu kilichopakana na nyumba, mlango wa mbele ukitazama barabara na wa nyuma ukitazama ua. Mimi nilipita pale karibu kila siku, maana mzee asiye na kazi hukaa palipo na viti, na kwa Springi viti havikukosekana, ingawa nusu yake vilikuwa havina makalio.

Namwona hata sasa, amepiga goti mbele ya kochi lililopinduliwa miguu juu, misumari midogo imejaa mdomoni. Alikuwa anaisukuma kwa ulimi, mmoja mmoja, nyundo yake yenye sumaku inaudaka, pa, pa, pa, na huku anaongea. Alivyoweza kuongea hivyo bila kumeza hata mmoja sikuwahi kuelewa.

Alikuwa na sharti la kazi. Mafundi wengine, sponji nzuri ikiwa imewaishia, wanalifungua kwa chini kochi jipya la mteja mwingine, wanachota kidogo, wanashona, nani atajua? Springi aliacha kazi kwa bosi wake wa kwanza kwa sababu hiyo hiyo, akaondoka na nyundo yake tu. Kochi zima kwake halikuguswa kwa ajili ya kochi bovu. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, na mzee wa kanisa pia, sharti hilo alilihesabu kuwa sehemu ya imani yake, ingawa nadhani hakulisikia katika mahubiri yoyote.

Sasa figo zake zikafa. Hazikufa kwa kishindo, zilikufa kama taa inavyofifia betri ikiisha. Miguu ilivimba, viatu vikamkataa, chakula kikawa na ladha ya chuma. Hospitali wakamweka kwenye mashine ya kusafisha damu, mara mbili kwa wiki. Mkononi walimuunganisha mishipa miwili kuwa mmoja, na ukiweka sikio pale unasikia mvumo, kama nyuki ndani ya debe. Maji akawa anapimiwa kwa kikombe cha dawa. Mdomo ulikauka mpaka misumari ikawa inang'ang'ania ulimi. Akaihamishia kwenye mfuko wa shati, na kila msumari mmoja mkono unapapasa, unapotea, unarudi. Kochi la siku mbili likawa la wiki.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Tulimwita Pini, kwa sababu alipokuwa anatambaa alikuwa anaokota pini sakafuni na kumpelekea baba yake. Sasa alikuwa mtu mzima, ameolewa na dereva wa lori, ndoa haijamaliza mwaka, na anafanya kazi kwenye tanuri la mikate. Alasiri moja nimekaa kwenye kochi la kijani lisilo na mgongo, Pini akaingia na mkate wa moto kwenye mfuko wa karatasi.

"Shikamoo Baba. Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwanangu," Springi akasema. "Mbona leo mapema?"

"Nimetoka hospitali."

Mama Pini akatokea mlango wa nyuma na mwiko mkononi, uso umeng'aa. Bibi harusi wa juzi akisema ametoka hospitali, mama mtu anasikia jambo moja tu.

"Sina mimba, Mama. Shusha mwiko." Kisha akamgeukia baba yake. "Nimejipima. Damu zetu zimepatana. Wamesema figo yangu inakufaa."

Nilisikia barabara yote, baiskeli, redio ya kinyozi, kila kitu. Springi aliendelea kupapasa mfuko wa shati.

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa."

"Basi sitaki."

"Baba, hujasikia bado."

"Nimesikia. Figo yako, inanifaa. Nimesikia yote mpaka mwisho. Sitaki." Akaweka nyundo chini. "Pini, tangu unatambaa humu ndani, umewahi kuniona nafungua kochi jipya nirekebishe la zamani?"

"Sijaona."

"Haya."

"Lakini mimi si kochi, Baba. Kochi haliulizwi. Mimi nimeulizwa, na nimekubali."

"Umeulizwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Nilicheka, Mungu anisamehe, ilinitoka. Springi akanigeukia mimi kwa sababu binti alikuwa hamwezi. "Wewe unacheka nini? Umekalia mali ya mtu!" Kisha akamwambia Pini kwa sauti ya chini, "Nionyeshe kwenye Maandiko mahali mtoto alipoamriwa kumpa baba yake figo."

"Nionyeshe alipokatazwa."

Hapo ndipo yalipoanzia. Wale wawili wote walikuwa watu wa Kitabu, na kuanzia siku hiyo wakawa wanarushiana mistari kama vibarua wanaorushiana matofali. Pini alileta ule wa kuheshimu wazazi. Baba yake akaleta mahali mtume anaposema ni wazazi wanaowawekea watoto akiba, si watoto kuwawekea wazazi. Pini akaleta upendo wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki. Baba yake akasema rafiki ndiyo, baba hakutajwa. Akamletea ule wa mwili wa mke kuwa chini ya mumewe: nenda kamuulize mumeo. Pini akasema huo mstari unaendelea, na nusu yake ya pili inamhusu mume, akamalizie kuusoma.

Siku moja Springi aliniita karibu, akanong'ona kama mtu mwenye habari za siri. "Nimeziona. Figo zimetajwa."

"Kweli? Zinasemwaje?"

"Ni za kondoo na mbuzi. Zinachomwa madhabahuni pamoja na mafuta yake."

"Basi angalau wewe hutakiwi kuchomwa."

"Ndugu yangu, usinichekeshe. Nikicheka napata kiu."

Alicheka hata hivyo, lakini macho yake hayakucheka. Nilikuwa namwona anavyokwisha. Hakuogopa kufa sana, nadhani, au aliogopa kama sisi sote wa umri huu, kwa kiasi. Alichoogopa ni meza ya upasuaji na Pini akiwa juu yake. Daktari alikuwa amewaeleza vizuri, kwa upole, kwamba wanaotoa figo wengi wanaishi miaka yao yote, wanazaa, wanazeeka, na hatari ipo lakini ni ndogo. Hiyo "ndogo" ndiyo iliyomnyima usingizi. "Ndogo si hakuna," aliniambia. "Ningesema ndogo kama ni mtoto wa mwingine. Na je, huu ugonjwa ukiwa wa damu yetu? Kesho hiyo moja aliyobaki nayo ikifa, atamwendea nani? Mimi nitakuwa nimeshaondoka na ile nyingine kaburini."

Na upande wa pili wa hofu ulikuwa pale pale: akikataa, anamwacha mkewe mjane na Pini bila baba, kwa kiburi tu. Kulikuwa na siku aliita kukataa kwake upendo, na siku nyingine akaita dhambi, na siku nyingine vyote viwili kabla ya chai.

Kanisani kila mtu alikuwa na lake. Dada mmoja wa kikundi cha maombi alikuja nyumbani akasema kupokea figo ya mtu ni kumwambia Mungu umechoka kumngoja akuponye. Mama Pini, aliyekuwa anapepeta mchele, hakuinua hata kichwa.

"Dada, hiyo miwani uliyovaa ni ya imani au ya daktari?"

Dada akaaga.

Mchungaji alikuja siku yake. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu, na sifa yake kubwa ni kwamba akiwa hajui jambo anasema hajui. Alikaa kwenye kigoda, maana makochi yote yalikuwa yamefunguliwa.

"Mchungaji, mimi ni mtu wa kutii," Springi akamwambia. "Unajua. Nipe amri, nitaitii, hata ikiwa ngumu. Kinachoniua si figo, ni kukosa amri."

"Ningekuwa nayo ningekupa, mzee wangu. Nimetafuta. Hakuna mahali pameandikwa toa, wala pokea, wala kataa. Walioandika hawakujua kama jambo hili litawezekana."

"Mungu alijua."

"Mungu alijua. Na hakuagiza kitu. Nadhani hata hilo lina maana yake, ila sijui vizuri ni ipi." Akafikicha macho. "Tunaachiwa kupenda, na kusema kweli, na kuomba, na kusikilizana. Ndivyo tulivyo navyo. Naomba nikuulize kitu, usikasirike. Unamwogopea Pini, au unaogopa kuwa mtu aliyepokea?"

Springi alikasirika. Alisema maneno ambayo mzee wa kanisa hamwambii mchungaji wake, mojawapo likiwa kwamba watu wenye figo zao mbili wana maswali mengi. Mchungaji akainama, akaomba kwa maneno machache, akaenda. Jioni ile Springi hakula.

Kesho yake ndipo alipofanya lile jambo la ngozi.

Alikuwa na ngozi ya kondoo, nyeupe, ya kufunikia kiti cha gari, mteja aliiacha na hakurudi. Na mnamjua yule mwamuzi wa kwenye Maandiko aliyemtegea Mungu ngozi ya kondoo kwenye kiwanja cha kupuria ngano, umande ukalowesha ngozi peke yake na ardhi ikabaki kavu. Springi akaona, kwa nini isiwe? Machweo akaitandaza uani, juu ya udongo, akasema na Mungu wake: asubuhi ngozi ikiwa imelowa na ardhi ni kavu, nitapokea. Ikiwa kinyume, nitakataa na nitakufa kwa amani. Hakumwambia mtu. Akaenda kulala, na mkewe aliniambia alisikia anageuka geuka kama mtu anayelala juu ya springi zilizotoka.

Alfajiri akatoka na tochi. Ardhi ilikuwa na umande. Ngozi haikuwepo.

Alirudi ndani, tochi bado inawaka. Alidhani ameibiwa jibu la Mungu. Akamkuta mkewe ndiyo kwanza amewasha jiko na kubandika maji ya chai.

"Mama Pini! Kulikuwa na ngozi hapo nje!"

"Ipo nyuma ya mlango. Niliianua jana ulipoingia kuoga. Unaacha ngozi nzuri vile iharibike na umande?"

Springi akakaa chini, sakafuni kabisa. Mkewe akafikiri amezidiwa, akamshika mabega, na ndipo akamweleza. Mama Pini alisikiliza mpaka mwisho, kiberiti kikiwa mkononi.

"Baba Pini. Unamtegea Mungu kwa ngozi ya kiti cha gari?"

"Nilitaka kujua."

"Mimi je? Sitaki kujua?" Akaweka kiberiti chini. "Wewe ni mume wangu. Yule ametoka tumboni mwangu. Kila mtu anakuuliza wewe unaonaje, anamuuliza Pini anaonaje. Mimi nalala katikati yenu kama kitambaa mnachokivutana huku na huku, na hakuna aliyeniuliza. Unajua naomba nini usiku? Siombi chochote. Naogopa kuomba, nisije nikamchagua mmoja."

Walikaa vile mpaka maji ya chai yakakauka sufuriani. Sikuwepo, lakini wote wawili walinisimulia, kila mtu kwa wakati wake, na wote walilikumbuka lile sufuria.

Baada ya hapo Springi akaanza kushindwa na kiu. Siku moja ya joto kali alikunywa maji, kwa siri, kwenye ndoo ya kuloweshea vitambaa. Alikunywa kama ng'ombe. Jioni hakuweza kulala chali, mapafu yamejaa, anavuta pumzi kama anayechungulia juu ya maji. Walimkimbiza kwenye mashine. Mkwewe ndiye aliyemshusha garini mikononi, kama godoro.

Walipokuwa wanamngojea nje, yule mkwe akaja akakaa karibu yangu. Kijana mkubwa, mikono kama sepetu, hana maneno mengi. Springi alipotolewa kwenye mashine, akamwendea.

"Baba, mimi sijasema kitu kwenye hili jambo."

"Sema, mwanangu. Wewe ndiye ninayekungoja useme."

"Nikisema hapana, nitakuwa nimekuua. Nikisema ndiyo, halafu likampata jambo..." Akaacha. "Nimemwambia Pini mwili ni wake. Hofu tu ndiyo yangu, hiyo aniachie. Lakini Baba, usinitumie mimi kumkatalia. Anasema umemtuma kwangu kama unamtuma kwa hakimu. Mimi si hakimu wake."

Springi akafumba macho. Nilifikiri amelala.

Wiki hiyo hiyo hospitali wakawaita, baba na binti, wakutane na muuguzi mshauri. Ni utaratibu wao: mtoaji anaitwa peke yake, mlango unafungwa, anaulizwa kama kuna aliyemlazimisha. Kisha anaitwa mpokeaji. Springi alikuwa amesikia kutoka kwa wagonjwa wenzake wa mashine jambo jingine kuhusu utaratibu huo, na alikuwa amelihifadhi moyoni bila kumwambia mtu. Mtoaji akiogopa, akitaka kujitoa, wale wahudumu hawamwaibishi. Wanawaambia ndugu kwamba figo haikufaa, basi, na hawaongezi neno.

Pini aliingia, akakaa muda, akatoka ametulia. Kisha akaitwa baba yake. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, sweta la bluu, kalamu imefungwa kwa uzi shingoni.

"Binti yako anasema bado hujakubali, mzee."

"Sijakubali, mama. Nina ombi." Akamwelezea alilosikia. "Sasa nisaidie mimi. Mwambie haifai. Mseme vipimo vimebadilika. Ataumia kidogo, ataendelea na maisha yake na mume wake. Hakutakuwa na ugomvi. Mimi sitalazimika kumkatalia usoni."

Muuguzi akaiacha kalamu ining'inie.

"Mlango huo tumeuweka kwa ajili ya mtoaji. Binti yako nimemfungulia sasa hivi, nimemwonyesha ulipo, nimemwambia hakuna atakayejua. Hakutaka kutoka. Wewe huwezi kumsukuma."

"Ni kwa faida yake."

"Una haki ya kukataa, mzee. Hakuna atakayekulazimisha hata kidogo. Lakini utakataa kwa mdomo wako, yeye akikutazama. Uongo huo sisi hatukusemei."

Springi aliniambia alijisikia kama mtu aliyekamatwa mkono uko kwenye mfuko wa mwenzake. Siku zote zile alikuwa analalamika kwamba Mungu hakumpa amri. Na hapa palikuwa na amri, wazi, anayoijua tangu mtoto, na alikuwa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba, kuomba asaidiwe kuivunja. Angemdanganya mwanawe kuhusu mwili wa mwanawe, na angeita upendo.

Akatoka. Pini alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Akakaa kando yake, wote wawili wakitazama ukuta wa mbele, ambako kulikuwa na picha ya mtu anayenawa mikono.

"Alikuuliza nini?" baba akaanza.

"Kama nimelazimishwa. Nikamwambia ndiyo, na baba yangu. Ananilazimisha nibaki nazo zote mbili."

"Pini, usifanye mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ukifa, Baba, wewe mambo yako yatakuwa yamekwisha. Mimi ndiye nitakayekuzika nikiwa na figo mbili. Nitakaa nazo vipi? Nitalalia upande gani?"

Machela ikapita, magurudumu yanalia. Wakavuta miguu.

"Na wewe likikupata jambo," Springi akasema, "mimi nitakaa vipi na yako?"

"Sijui. Kwa taabu."

"Huogopi?"

"Naogopa! Jana nimetapika kwa woga. Mume wangu akadhani ni mimba, akakimbia kununua ndimu."

Springi alitaka kucheka, akajikuta anamgeukia na kumtazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ile alasiri ya mkate. Alikuwa amekonda. Kucha zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama.

"Kumbe unaogopa."

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia? Nilidhani huelewi. Nilidhani ni ujana tu, hujui unachokisema."

"Ningekuambia, ungeuchukua woga wangu unikatalie nao."

Na ni kweli angefanya hivyo. Alikuwa amezoea kufikiri yeye ndiye anayeubeba mzigo wa hofu kwa niaba ya nyumba nzima, na kumbe kila mtu alikuwa na wake, mkewe, mkwewe, na huyu, na huyu alikuwa na mkubwa kuliko wote na bado alijileta kila siku na mkate. Aliniambia hakusikia sauti. Hakuona nuru. Woga wake haukupungua hata kidogo. Ila aliona kwamba hana tena kitu cha kusimamia ambacho si cha kujilinda yeye mwenyewe.

"Tuombe," akasema.

Waliomba pale benchini, kwa sauti ya chini, watu wanapita na vyeti vyao. Hakuomba ishara. Alimwambia Mungu kwamba hajui kama ni sawa, na kwamba kama amekosea, kosa lihesabiwe kwake na lisimguse mtoto. Pini akadakia: "Na mimi pia nimo, Bwana, usimsikilize peke yake." Kisha wakasimama, wakaingia pamoja kwa muuguzi, na Springi akasema kwa mdomo wake, binti yake akimtazama, kwamba anapokea.

Siku ya upasuaji nilikaa na Mama Pini na mkwe. Sitaieleza sana ile siku. Walimwingiza Pini kwanza. Mchungaji alikuja akakaa nasi bila kusema kitu, na kwa hilo nilimshukuru. Figo ilitoka, ikaingia kwa baba, na wakasema kabla hata hawajamaliza kushona ilikuwa imeanza kazi. Tukashukuru. Halafu jioni Pini akavuja damu ndani kwa ndani, wakamrudisha mezani.

Springi alipozinduka alimuuliza mkewe, "Pini?" Mama Pini akasema, "Yupo," akakunja shuka upya. Mtu aliyeishi na mwanamke miaka yote ile anajua maana ya shuka linalokunjwa mara mbili. Hakuuliza tena. Alilala anatazama ule mfuko wa mkojo ulioning'inia kando ya kitanda, unajaa, wa njano, safi, kitu ambacho hakukiona kwa miaka miwili, na kila tone lilikuwa linamkata. Wauguzi walikuja kumpongeza. Akawajibu asante mama, asante baba, machozi yanaingia masikioni. Alisema hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote alizowahi kuishi: kuwa mzima, na kusikia miguu inapunguka, na kutojua bei yake. Angeweza kusema nilijua tu. Angeweza kusema nilikataa mimi, mkanilazimisha. Alisema aliyajaribu maneno hayo mdomoni na hayakukaa. Alikuwa amepokea kwa mdomo wake.

Damu ilikoma. Walituambia hivyo asubuhi, na Mama Pini akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Ilipita siku, na nyingine, ndipo Pini akaja mwenyewe wodini kwa baba yake, ameinama, mkono mmoja ubavuni na mwingine kwa mumewe, anatembea kama bibi kizee. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti cha wageni. Springi alipomwona mlangoni, jambo la kwanza alilofanya ni kuvuta shuka haraka na kuufunika ule mfuko, kwa sababu baba hamwonyeshi binti yake mkojo, hata awe anakufa.

Pini akafika, akashika chuma cha kitanda, akahema.

"Baba, fungua nione."

"Nini?"

"Huo mfuko."

"Pini, una wazimu? Mbele ya mkwe wangu?"

Mkwe akageuka akatazama dirishani, shingo imeiva.

"Baba, nusu ya hiyo kazi ni yangu. Fungua."

Springi akanitazama mimi nimsaidie. Nikatazama viatu vyangu. Mwishowe mkono wake ukaenda polepole, ule ule wenye mvumo wa nyuki, ukalishika shuka, ukalivuta pembeni. Pini akainama kidogo, kadiri ubavu ulivyomruhusu, akautazama mfuko muda mrefu.

"Inauma?" baba yake akamuuliza.

"Inauma."

"Sana?"

"Sana, Baba."

Springi hakugeuza uso. Akamsogezea mto, akajisukuma upande kumpa nafasi, na Pini akakaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, akishusha kwanza ubavu mzima.